OK kwenye Unyayo wa Mama

Mama yangu aliingia chumba cha upasuaji akiwa na herufi mbili kwenye unyayo wa mguu wa kulia: OK. Ziliandikwa kwa chaki ya bluu, na K ilikuwa imelala kidogo kwa sababu aliyeiandika ndio kwanza alikuwa anaizoea. Aliyeiandika nilikuwa mimi. Hilo nina uhakika nalo, na ni vizuri niliseme mapema, kwa sababu katika habari hii kuna jambo jingine ambalo sina uhakika nalo hata kidogo.

Miaka mingi ilikuwa imepita bila mimi kuzikumbuka herufi zile. Kisha mwezi uliopita nilikwenda Igoma kwa fundi wa kuchomelea, kuchukua geti nililoagiza. Fundi alilizunguka, akagonga bawaba kwa nyundo, akasukuma komeo mbele na nyuma, halafu akatoa kipande cha chaki ya bluu mfukoni, akainama, akaandika OK kwenye chuma cha chini kabisa, kule kunakogusana na vumbi.

"Tayari, mama. Leta gari tupakie," akasema.

Nilibaki nimesimama. Pale palikuwa na harufu ya chuma kilichoungua na rangi mbichi, lakini puani mwangu ilikuja harufu nyingine ambayo haikuwepo: pamba iliyolowekwa kwenye mafuta, mbao zenye maji, na moshi wa dagaa. Nikawa Igombe, kijijini kwetu, ufukweni mwa ziwa, nina umri wa mtoto aliyeanza shule juzi, nimechuchumaa chini ya mtumbwi.

Baba alikuwa fundi mitumbwi. Mitumbwi yenyewe ilitengenezwa na wengine. Kazi yake ilikuwa kuizuia isivuje. Alichukua pamba, akaisokota kama kamba nene, akailoweka kwenye mafuta, akaishindilia katikati ya mbao kwa nyundo na patasi butu. Sauti yake ilikuwa tok, tok, tok, na kwangu ilikuwa ndiyo sauti ya mchana. Hadi leo nikisikia mtu anagonga kitu kwa mbali, macho yangu yanataka kufumba.

Mwisho wa kazi ndio nilioupenda. Mtumbwi haukupelekwa ziwani kujaribiwa. Uliinuliwa juu ya magogo pale pale mchangani, kisha ukajazwa maji ndoo kwa ndoo mpaka ukingoni. Ilikuwa kama ziwa limewekwa ndani ya mtumbwi badala ya mtumbwi kuwekwa ndani ya ziwa. Baba alilala chali chini yake, nami kando yake, tukiangalia juu kwenye lile tumbo kubwa jeusi. Tulikuwa tunasubiri tone. Palipotokea unyevu, baba alipazungushia duara la chaki ya bluu. Maji yakamwagwa, pamba ikaongezwa, ndoo zikarudi tena. Siku ambayo tumbo lote lilibaki kavu mpaka kivuli kikahama, baba aliandika OK, chini kabisa, kando ya ule ubao mrefu unaopita katikati kama uti wa mgongo.

"Mbona unaandika chini, baba? Nani atapaona huku?"

"Ziwa."

"Ziwa linajua kusoma?"

"Linasoma kila ubao. Na likishasoma linafuta."

Kweli, safari ya kwanza tu chaki iliondoka. Baba hakujali. Alisema ikishafutika, kazi yake imekwisha.

Kuna siku mzee mmoja mwenye mtumbwi, Mzee Bwire, alikuja na haraka zake. Alikuwa na abiria wa Ukerewe, na mtumbwi wake ulikuwa bado unatoa tone moja upande wa nyuma. Tone lile lilijaa polepole, likang'aa, likaanguka, kisha kimya kirefu.

"Fundi, andika hiyo OK yako tuondoke. Watu wananisubiri."

"Haujakauka, mzee wangu."

"Tone moja! Wewe mwenyewe jasho lako linadondoka kuliko mtumbwi."

"Mimi sivushi watu," baba akajibu, akiwa bado amelala chali.

Mzee Bwire alicheka mpaka akakohoa, akaenda kutafuta kahawa. Mtumbwi haukuondoka siku ile.

Nikaelewa, kwa namna mtoto anavyoelewa, kwamba zile herufi ndizo zinazouvusha mtumbwi. Wenye herufi huenda na kurudi. Usio nazo, hakuna anayejua. Baba aliwahi kuniambia wazi kwamba OK haiufanyi mtumbwi uwe mzima, inasema tu alichokiona yeye siku ile. Nilimsikia. Sikumwamini.

Nilianza kuliona neno lile kila mahali, na kila mahali lilikuwa na sura tofauti. Mwalimu wetu aliliandika kwa wino mwekundu kwenye hesabu zangu, na hapo lilikuwa furaha. Lakini alipolitamka mbele ya darasa, "Okei!", huku akipiga meza, maana yake ilikuwa nyamazeni wote. Mama mdogo Kabula, mdogo wake mama, alilisema kwenye simu, "okei, okei, okei," kwa kasi, akimaanisha kwamba amechoka kusikiliza. Mama alilisema polepole huku akitazama pembeni, na hapo baba alijua hajakubaliwa. Bibi yangu wa Magu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima na Kiingereza hakuwa nacho kabisa, alilivuta kama kamba ya ndoo, "Okeee," pale mtu alipomdanganya naye akamwacha aendelee kudanganya.

Nilipokuwa mtu mzima nilitafuta neno hili lilikotoka. Wengi wanaochunguza maneno wanasema lilianza kama utani wa magazetini huko Marekani. Waandishi walijifurahisha kwa kufupisha maneno waliyoyakosea makusudi, na OK ilikuwa kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct", yote sahihi, kama ambavyo angeandika mtu asiyejua kuandika. Wengine hawakubali. Wapo wanaosema lilichukuliwa kwa wenyeji wa kwanza wa nchi ile, na wapo wanaosema lilivushwa bahari kutoka Afrika Magharibi, vinywani mwa watu waliouzwa utumwani. Kama ni utani, basi neno ambalo dunia nzima inalitumia kuthibitisha usahihi lilizaliwa likiwa na makosa katika herufi zake zote mbili. Mara nyingi nimetamani kumwambia baba. Angelala chali na kulifikiria.

Wakati ule, hata hivyo, sikuwa na swali kuhusu neno. Nilikuwa na swali kuhusu mama.

Tumbo lake lilikuwa limekuwa kubwa. Kabla ya hapo, nikiwa mdogo zaidi, tumbo hilo liliwahi kuwa kubwa, mama akaenda mjini hospitali, akarudi tumbo halipo na mikononi hana kitu isipokuwa kanga iliyokunjwa. Hakuna aliyenieleza. Watu walikuja, wakakaa kwenye mikeka, wakaongea kwa sauti za chini, wakaondoka. Nilichokijua ni kwamba kuna safari ambayo mama alikwenda na nusu yake haikurudi.

Sasa safari ile ile ilikuwa inakaribia. Bibi alikuja kutoka Magu na mfuko wa mchele, kuku wawili, na furushi la pamba kwa ajili ya baba. Usiku nilimsikia akimwambia baba, "Safari hii nataka nirudi kwangu nimeshika mtoto. Na mama yake nimwache hapa, anatembea."

Kisha nikasikia baba akiburuta lile furushi la pamba.

Ndipo nikaona, kwa uwazi kabisa, kosa lilikokuwa. Mara ya kwanza hakuna aliyemwandika mama.

Chaki nilikuwa najua inapokaa, kwenye kopo la mafuta lililokatwa mdomo, pamoja na patasi. Nilichukua kipande. Nilikuwa na nia ya kufanya kazi ile siku ile ile, lakini niliporudi ndani nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda anachambua mchele wa bibi, na machozi yanamshuka. Hakuwa analia kwa sauti. Tone lilijaa polepole, likang'aa, likaanguka kwenye ungo.

Nikairudisha chaki mfukoni mwa sketi. Alikuwa anavuja.

Sheria niliijua. Huandiki mpaka mtumbwi ukauke. Kama ningeandika juu ya unyevu, ningekuwa Mzee Bwire. Kwa hiyo nikaanza kumfanyia mama kazi ya kumkausha, na sikumwambia mtu. Niliimba. Nilimwigiza mwalimu akipiga meza. Nilimwigiza jogoo wetu akitoroka wale kuku wapya wa Magu. Mama alicheka, lakini baadaye nikitazama kwa makini, kope zilikuwa na maji.

"Mama Minza, huyu mtoto wako ana nini?" bibi akauliza. "Siku hizi anatutazama kama askari wa forodha."

"Muulize mwenyewe."

"Minza, unatafuta nini usoni kwa mama yako?"

"Hamna, bibi."

"Okeee."

Kisha ikaja mchana mmoja wa joto ambao ziwa lilikuwa limetulia, halina mkunjo, na visiwa vya mbali vilikuwa vinaelea juu ya maji kama vimesahau kukaa chini. Mama alikuwa amelala kwa ubavu kwenye mkeka, mlangoni, panapopita upepo. Bibi alikuwa amemsimulia kitu fulani kuhusu ujana wa babu, wakacheka pamoja mpaka bibi akashika mlango, kisha mama akapitiwa na usingizi akiwa bado anatabasamu. Nikapiga magoti. Nikakagua kope moja, nikakagua ya pili. Nikapitisha kidole shavuni. Kavu. Kwa mbali tok, tok, tok ya baba ilikuwa inaendelea. Nikasubiri kivuli cha mlango kihame, kwa sababu baba naye husubiri.

Halafu nikaenda miguuni na kuandika pale baba anapoandika, upande wa chini, usioonekana na mtu. Ngozi ya unyayo wake ilikuwa imepasuka kidogo kisiginoni na chaki ilikwama kwenye mistari. O ilitoka vizuri. K ilinisumbua. Mama hakutikisika.

Jua lilikuwa halijashuka sana aliposhtuka. Nilisikia akiita, "Mama!", na bibi akakimbia ndani. Mkeka ulikuwa umelowa. Maji yalikuwa yametiririka mpaka kizingitini.

"Chupa imepasuka," bibi akasema. "Minza, kamwite baba yako. Haraka!"

Sikuweza kusogea. Kila kitu kilikuwa kinaelea, mlango, mkeka, yale maji yenye mwanga ndani yake. Nilikuwa nimeandika OK na mtumbwi umevuja. Tena haukuvuja tone. Umetoa maji yote.

"Minza!"

Nikakimbia.

Mzee Bwire ndiye aliyekuwa na gari, pikapu kuukuu ya kubebea samaki. Mama mdogo Kabula alipanda nyuma na mfuko wa kanga, mama akaelekea mbele, akishikwa na bibi. Nilimtazama anavyotembea. Alikuwa anachechemea. Mguu wa kulia aliukanyagia ubavuni, kama mtu aliyechomwa na mwiba, na nikajua ni mimi niliyeuharibu. Bibi akarudi ndani, baba akamfungia mama mlango. Nyuma palikuwa pamejaa matenga ya samaki, na mtu alihitajika kubaki kupokea simu, kwa hiyo akabaki.

Alifanya jambo ambalo wakati ule sikulielewa. Alirudi kwenye mtumbwi uliokuwa juu ya magogo na kuanza kuujaza maji, ndoo kwa ndoo, peke yake. Ulipojaa akalala chali chini yake. Nikaenda nikalala kando yake. Mchanga ulikuwa bado na joto. Jua lilikuwa linaingia ziwani na mwanga wake ulikuja ukitambaa chini ya mtumbwi, ukayaonyesha maduara yote ya bluu ya zamani. Nilitaka kumwambia nilichofanya, mdomo ukakataa.

"Baba," nikasema mwishowe. "Mtumbwi ukiandikwa OK halafu ukavuja?"

"Unarudishwa ufukweni."

"Na kama uko mbali?"

"Basi walio ndani wanakumba maji, mwanangu. Wanakumba kwa nguvu zote."

Simu ikaita.

Aliitoa mfukoni akiwa bado amelala. Niliisikia sauti ya mama mdogo Kabula, nyembamba, bila maneno. Baba akasema, "Okei." Lile lilikuwa la kawaida, la kumwambia mtu aendelee. Sauti nyembamba ikaendelea. Akasema tena, "Okei," na hili lilitoka kifuani, zito, kama anaweka chini gunia. Nikamtazama usoni nikitafuta ni lipi kati ya yote niliyoyajua: la mwalimu, la bibi, la mama anapotazama pembeni. Halikufanana na lolote. "Okei," akasema mara ya tatu, kwa sauti ndogo kabisa, akazima simu na kuiweka juu ya kifua chake.

Tone likajaa pembeni ya jicho lake, likang'aa, likaanguka kwenye mchanga.

"Baba?"

"Wamempasua," akasema. "Wapo. Wote wawili wapo."

Akatafuta chaki kwenye kopo, akakuta ni pungufu, akanitazama. Mtumbwi ulikuwa mkavu. Hakuuandika siku ile. Alisema macho yake hayaoni vizuri.

Waliporudi, mama mdogo Kabula alishuka na mtoto, mdogo wangu wa kiume, amefungwa kama sambusa. Mama alishuka polepole, ameshika tumbo, lakini akikanyaga miguu yote miwili. Baba alisema mtoto aitwe Okei. "Mtoto si mtumbwi," bibi akamkatisha, na mtoto akapewa jina la babu.

Jioni bibi alichemsha maji ya kumwogesha mama. Nilikuwa mlangoni. Alimkalisha kwenye kigoda, akauchukua mguu wa kulia na kuupandisha mapajani mwake. Ulikuwa safi, hauna hata alama ya bluu. Nikapumua. Ziwa limesoma, nikawaza, na limefuta. Kisha bibi akauchukua mguu wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga, akasimama na kitambaa mkononi.

"Ni nani huyu amemwandika mwanangu kama gunia la mpunga?"

Kwenye unyayo wa kushoto, kwa wino mweusi, kwa mkono ulionyooka wa mtu mzima, palikuwa na OK.

Mama alitazama chini akaanza kucheka, akishika mshono, akiomba asichekeshwe. Bibi alitaka kuusugua. Mama akauvuta mguu. "Uache, mama. Utaondoka wenyewe."

Miaka baadaye, nikiwa nimeshakuwa mtu wa kuulizauliza watu kwa ajili ya riziki, nilimuuliza. Aliniambia kwamba mchana ule hakuwa amelala. Alisikia chaki ikimtekenya tangu O, akafumba macho, akavumilia. Alipotoka kwenda kwenye gari alitembea kwa ubavu wa mguu mpaka kwenye pikapu, na hospitali kutoka pikapu mpaka kitandani, ili chaki isifutike. Hakuchechemea kwa maumivu.

"Na ya kushoto, mama?"

"Ya kushoto niliamka nayo."

"Hukuandika wewe?"

"Na mshono ule? Nisingeweza hata kuona vidole vyangu."

Nilimuuliza mama mdogo Kabula. Alisema alikuwa kwenye benchi nje muda wote, amekumbatia mfuko wa kanga, na mlango ulifunguliwa mara moja tu alipopewa mtoto. Baba alikuwa kando yangu, chini ya mtumbwi, na K yake baba siku zote ilikuwa na mguu mmoja mrefu. Ile haikuwa nao. Niliwahi pia kwenda kuuliza kule hospitali, mjini, nikiwa na aibu kidogo. Dada aliyenisikiliza alitabasamu, akaniambia miguu husafishwa, na waliokuwa zamu miaka ile wametawanyika, wengine wamestaafu, wengine hawapo.

Kwa hiyo ninachojua ni hiki. Ndani ya chumba kile, mtu fulani aliosha herufi zangu kwenye mguu wa kulia, kwa sababu ilibidi. Mama alipozinduka, zilikuwa kwenye mguu wa kushoto, kwa wino. Kati ya hapo na hapo, kuna mtu alichukua kalamu.